Charles Wordsworth: askofu aliyecheza mechi mbili na kuacha ratiba ya karne mbili

Mabibi na mabwana, ndugu wapenzi wa michezo, na ninyi mliokuja kwa ajili ya historia ya kanisa,

Tarehe 4 Juni 1827, vijana 22 wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge waliingia katika kiwanja cha Lord's, London, kucheza kriketi. Mechi ilipangwa kwa siku mbili, lakini mvua ikanyesha, na mchezo uliofanyika ukawa wa siku moja tu. Oxford walipata mikimbio 258, na kila mkimbio ni pointi moja, inayopatikana wapigaji wawili wakikimbia kubadilishana ncha. Cambridge wakatolewa wote kwa mikimbio 92. Kwa kuwa muda uliisha kabla ya kila upande kumaliza zamu zake, matokeo yakaandikwa kuwa sare. Nahodha wa Oxford, aliyewatoa wapigaji 7 wa Cambridge, alikuwa kijana wa miaka 20 aitwaye Charles Wordsworth. Miaka 26 baadaye alikuwa askofu huko Scotland.

Katika kriketi ya daraja la kwanza, yaani mechi za hadhi ya juu, jina lake limebaki kwa mechi mbili tu, ya 1827 na ya 1829. Wako makasisi wa Kiingereza waliocheza miaka mingi kuliko yeye, tena kwa ustadi mkubwa zaidi. Ila hakuna hata mmoja kati yao aliyeuachia mchezo kitu kinachodumu kama alichoacha huyu. Kazi yake ilikuwa kupanga mechi. Naomba tuitazame kazi hiyo kwa karibu, kwa sababu wanaosimulia habari za michezo hupenda kumtaja mpigaji na mrushaji, halafu wakamsahau aliyeandika barua, aliyetafuta kiwanja na aliyeomba ruhusa.

Wordsworth alizaliwa Lambeth tarehe 22 Agosti 1806. Mshairi William Wordsworth alikuwa baba yake mkubwa. Baba mzazi, Christopher, alikuwa kasisi, na mwaka 1820 akawa mkuu wa chuo cha Trinity, Cambridge. Kumbukeni jambo hilo, maana mechi yote imetokana nalo. Charles alisoma shule ya Harrow, kisha akajiunga na Christ Church, Oxford. Kwa hiyo masomo yake yalikuwa Oxford na nyumba yake ya likizo ilikuwa Cambridge, ndani ya chuo chenyewe. Likizo za vyuo hivyo viwili hazikuangukia siku zilezile. Oxford walipofunga, Cambridge mara nyingi walikuwa bado wanasoma, na Charles akarudi nyumbani kuwakuta wanafunzi wa pale wakiwa viwanjani na mtoni. Aliwajua wachezaji wa pande zote mbili kwa majina na kwa uwezo wao. Wakati ambapo reli ilikuwa bado haijafika katika mji wowote kati ya hiyo miwili, mtu wa namna hiyo alikuwa adimu.

Mazoezi ya kupanga alikwisha kuyapata shuleni. Mwaka 1825 Harrow walicheza na Winchester hapo hapo Lord's. Charles alikuwa upande wa Harrow, na mdogo wake Christopher upande wa Winchester. Katika mechi hiyo Christopher aliudaka mpira wa kijana mmoja wa Harrow na kumtoa uwanjani. Kijana huyo, Henry Manning, ndiye aliyekuja kuwa kardinali wa Kanisa Katoliki, na aliyemdaka akawa askofu wa Lincoln.

Turudi 1827. Ugumu wa kwanza haukuwa kupata wachezaji. Ulikuwa ruhusa. Mechi iliangukia katikati ya muhula, na mwanafunzi wa Christ Church hakuweza kuondoka mjini bila idhini ya mkuu wa chuo. Ombi la kwenda London kucheza kriketi lisingesikilizwa kabisa. Wordsworth mwenyewe alieleza uzeeni jinsi alivyopita: alikwenda kwa mkuu akaomba ruhusa ya kumwona daktari wa meno London. Ruhusa ikatoka.

Ugumu wa pili ulikuwa kanuni, na hapa inafaa nieleze kriketi ya siku zile ilivyokuwa, kwa sababu anayeijua ya leo kwenye televisheni atapata picha isiyo sahihi. Umbali kati ya wiketi na wiketi, yaani vijiti vilivyosimamishwa ambavyo mpigaji huvilinda, ulikuwa uleule wa sasa, yadi 22, yaani kama mita 20. Vijiti vilikuwa vitatu, na wiketi ilikuwa na kimo cha inchi 27 na upana wa inchi 8, ndogo kidogo kuliko ya leo. Gongo halikuruhusiwa kuzidi upana wa inchi 4 na robo, karibu sentimita 11, na mpira ulikuwa na uzito wa gramu kama 156 hadi 163. Vipimo hivyo viwili havijabadilika. Ova moja, yaani awamu ya mrushaji mmoja kabla ya kumpisha mwingine, ilikuwa na mipira 4, si 6. Mstari wa mpaka wenye thamani ya mikimbio minne haukuwapo: mpira ukipigwa mbali, wapigaji walikimbia kila mkimbio kwa miguu yao hadi mpira urudishwe. Kinga za miguu zilikuwa hazijaenea, na nyasi za uwanja zilipunguzwa kwa kulishwa kondoo, kwa hiyo ardhi ilikuwa na vinundu na mashimo ambayo leo yangefanya mechi iahirishwe.

Kubwa zaidi ni namna ya kurusha. Sheria ya wakati huo ilimtaka mrushaji aupeleke mpira kwa mkono wa chini, kiganja kikiwa chini ya kiwiko. Wordsworth alirusha hivyo, kwa mkono wa kushoto, akiuzungusha mpira kwa vidole. Mpira wa aina hiyo hauna kasi kubwa, na mtu asiyeujua hudhani ni rahisi kuupiga. Ugumu wake uko katika mahali unapodunda. Ukidunda karibu mno na mrushaji, mpigaji ana muda wa kurudi nyuma, kuusoma na kuupiga atakako. Ukifika miguuni pake bila kudunda, anausukuma tu. Ukidunda hatua moja hivi mbele ya gongo lake, hajui aende mbele au arudi, na mzunguko unaupeleka pembeni wakati yeye amekwisha kuamua. Ongeza kinundu cha ardhi na nyasi zenye unyevu, na mpira unaoonekana mpole unapita kando ya gongo na kuangusha kijiti. Wapigaji 7 wa Cambridge walitolewa na urushaji wa namna hiyo siku ile.

Aliyesimama imara upande wa Cambridge alikuwa nahodha wao, Herbert Jenner, ambaye peke yake alipata 47 katika zile 92, zaidi ya nusu. Alitoa pia wapigaji 5 wa Oxford. Katika mwezi uleule wa Juni, timu ya Sussex ilianza mfululizo wa mechi tatu za majaribio dhidi ya timu ya Uingereza, ili ionekane kama urushaji wa mkono uliopanda pembeni, kuelekea usawa wa bega, uruhusiwe. Ubishi ulikuwa mkali. Mwaka 1828 klabu ya MCC, yenye kiwanja cha Lord's na inayotunga sheria za kriketi, ikaruhusu mkono ufike usawa wa kiwiko, 1835 usawa wa bega, na 1864 mkono ukaachiwa huru kabisa. Kwa hiyo mechi ya Wordsworth ilichezwa mwishoni kabisa mwa zama za mkono wa chini. Angeendelea kucheza miaka kumi zaidi, angewakuta warushaji wengi wakirusha kwa mkono uliopanda.

Hapakuwa na mechi 1828. Mwaka 1829 mambo yakawa mawili kwa mpigo. Wordsworth na rafiki yake wa Harrow, Charles Merivale, aliyekuwa Cambridge, walizungumza juu ya kushindana kwa makasia. Tarehe 12 Machi Cambridge wakatuma barua rasmi kwa Oxford: mashua ya makasia manane kila upande, London au karibu yake, wakati wa likizo ya Pasaka. Tazameni barua hiyo ilivyotimia. Mahali pakabadilika, pakawa Henley. Wakati ukabadilika, ukawa Juni. Kilichobaki ni mashua ya makasia manane. Wanaopanga mashindano wanajua kwamba hali hiyo ni ya kawaida: pendekezo la kwanza kazi yake ni kumfanya mwenzako ajibu.

Basi tarehe 5 Juni 1829 ikachezwa kriketi huko Oxford, na Oxford wakashinda kwa mikimbio 115. Siku tano baadaye, tarehe 10 Juni, zikashindana mashua kutoka Hambleden Lock hadi daraja la Henley, umbali wa maili 2 na robo, yaani kilomita 3.6. Wordsworth alikuwamo katika yote mawili. Ndani ya mashua alikaa kiti cha nne. Anayefahamu michezo hiyo ataona mara moja tatizo. Kasia la mbao hukandamiza na kuchubua kiganja na maungio ya vidole, na mrushaji anayezungusha mpira anategemea ngozi ya vidole vilevile. Mazoezi ya kimoja huharibu kingine, na siku tano hazitoshi kuponya kidonda cha kiganja.

Mashua za 1829 hazikuwa na viti vya kuteleza. Hivyo vilitumika katika shindano hili kuanzia 1873. Wala hazikuwa na vishikio vya kasia vilivyotokeza nje ya ubavu, ambavyo vilikuja 1846. Kasia liliegemea ukingo wa mashua yenyewe. Maana yake mashua ilibidi iwe pana, tena nzito, na mpiga kasia alipata nguvu zake kwa mgongo na mikono, miguu ikisaidia kidogo. Mara ya kwanza walipoanza, mashua ziligongana. Wakaanza upya, na Oxford wakashinda kwa mbali. Walivaa buluu ya kukolea kwa sababu wengi wao walikuwa wa Christ Church, na rangi hiyo ndiyo wanayovaa hadi leo. Buluu hafifu ya Cambridge haikuwapo bado, ilianza 1836.

Itazameni orodha ya waliokuwa ndani ya mashua hizo mbili. Wordsworth, askofu wa baadaye. Merivale, aliyekuja kuwa mkuu wa kanisa kuu la Ely. Fremantle, mshika usukani wa Oxford, akawa mkuu wa kanisa kuu la Ripon. George Augustus Selwyn wa Cambridge akawa askofu wa kwanza wa Kianglikana huko New Zealand. Ajabu haipo: Oxford na Cambridge ndivyo vyuo vilivyolea makasisi wa Kanisa la Uingereza, na wengi wa waliopita hapo walikuwa wana wa makasisi. Ni vyuo hivyohivyo ambavyo, pamoja na Durham na Dublin, viliunda misheni iliyofika Unguja mwaka 1864 na kujenga kanisa la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa. Msikilizaji wa Unguja au Masasi akisikia habari za makasisi wanamichezo wa Oxford, basi hao si watu wa mbali naye sana.

Baada ya 1829 Wordsworth hakucheza tena mechi kubwa. Alipata daraja la juu katika masomo ya Kigiriki na Kilatini, akabaki Oxford akifundisha wanafunzi binafsi. Kati ya wanafunzi wake alikuwamo William Gladstone, aliyekuwa waziri mkuu mara nne, na Manning yuleyule aliyedakwa na Christopher. Mwaka 1834 akawekwa kuwa shemasi. Mwaka uliofuata akawa mwalimu wa pili shule ya Winchester, akaoa.

Miaka ya Winchester ilimletea sifa kubwa na msiba mkubwa karibu kwa wakati mmoja. Mwaka 1839 alichapisha kitabu cha sarufi ya Kigiriki kilichotumiwa na shule nyingi za Uingereza kwa miongo mingi. Mwaka huohuo mkewe Charlotte akafariki, wakiwa na ndoa ya miaka minne tu. Alimwandikia mistari miwili ya Kilatini, inayohesabiwa kati ya maandishi mazuri kabisa ya kaburi ya karne ile. Ndani yake anamruhusu mpendwa wake aende kwa kuwa Mungu anaita, kisha anaigeukia nusu ya roho yake iliyobaki na kuiamuru ijifunze kufuata. Mistari miwili tu, na hakuna neno la kuondoa. Alioa tena 1846, akamwoa Katharine Barter.

Mwaka huohuo alikubali kwenda Scotland kuwa mkuu wa kwanza wa chuo cha Trinity huko Glenalmond, Perthshire, taasisi iliyobuniwa na Gladstone na rafiki yake James Hope. Shule ilifunguliwa 1847. Kilikuwa chuo cha mambo mawili, kusomesha vijana na kuandaa makasisi wa Kanisa la Kiepiskopali la Scotland, yaani Waanglikana wa kule.

Kanisa hilo linahitaji maelezo kidogo. Scotland, kanisa la taifa ni la Kipresbiteri, lisilo na maaskofu. Waanglikana walipoteza nafasi yao ya kitaifa mwishoni mwa karne ya 17, na baada ya uasi wa 1745, walioshukiwa kuuunga mkono, wakabanwa na sheria kali zilizofutwa 1792. Kwa hiyo Wordsworth alikwenda kutumikia kanisa dogo, maskini, lenye majeraha, katika nchi ambayo wengi walio wengi waliwatilia shaka maaskofu. Nao Wapresbiteri walikuwa wamepasuka vibaya 1843.

Mwaka 1852 ulipofika uchaguzi wa askofu wa St Andrews, Dunkeld na Dunblane, wapiga kura walikuwa makasisi wachache wa dayosisi, na Wordsworth alikuwa mmoja wao. Alikuwa pia mgombea. Alijipigia kura, na kura hiyo ndiyo iliyoamua. Malalamiko yakapelekwa kwa maaskofu, nao wakaukubali uchaguzi. Aliwekwa wakfu Januari 1853. Kwa sheria hakukosea, maana kanuni haikumzuia mgombea kupiga kura. Ila ushindi wa kura moja, tena yako mwenyewe, unakufanya uanze kazi na nusu ya nyumba ikiwa imenuna, na ndivyo ilivyokuwa. Aligombana kwa miaka mingi na makasisi wa kanisa kuu la Perth, waliopenda ibada yenye taratibu nyingi kuliko alivyotaka yeye.

Katikati ya ugomvi huo alishikilia jambo moja alilolijali kuliko yote: kuwaunganisha Waanglikana na Wapresbiteri wa Scotland. Hapa naiona kazi ileile ya 1827, mtu mwenye mguu mmoja kila upande akijaribu kuwakutanisha wawili ratiba zao zisipolingana. Kikwazo kilikuwa kuwekwa mikono. Kwa Waanglikana, kasisi halali huwekwa na askofu. Je, mchungaji wa Kipresbiteri aliyehudumu miaka 30 aambiwe awekwe upya, kana kwamba huduma yake yote haikuwa kitu? Hakuna mtu mwenye heshima zake atakayekubali. Uzeeni Wordsworth aliegemea njia hii: waliopo waendelee bila kuwekwa upya, na wapya wote, kuanzia siku ya muungano, wawekwe na maaskofu. Kizazi kimoja kikipita, tofauti itakuwa imekwisha yenyewe. Aliwasilisha mawazo ya namna hiyo karibu na wakati wa mkutano wa Lambeth wa maaskofu wa Kianglikana wa 1888.

Ni pendekezo la mtu anayejua kupanga. Linakubali kasoro ya muda ili jambo lianze, kama barua ile ya Machi 1829. Lilishindwa kwa sababu pande zote mbili hazikuwa na hamu sawa: kanisa dogo lilikuwa linalialika kanisa kubwa lipokee maaskofu ambao lilikwisha kuwakataa kwa damu. Hata hivyo aliheshimiwa. Alihamia mji wa St Andrews, akafanya urafiki na wanazuoni wa Kipresbiteri wa chuo kikuu cha pale, na 1884 vyuo vikuu vya St Andrews na Edinburgh vikampa shahada za heshima. Alikuwa pia kati ya wanazuoni waliorekebisha Agano Jipya la Kiingereza lililotoka 1881. Mwaka 1891 alichapisha kumbukumbu za ujana wake, na humo ndimo tunamopata habari ya daktari wa meno. Alifariki tarehe 5 Desemba 1892. Jenner, mpinzani wake wa Lord's, ambaye naye alizaliwa 1806, aliishi hadi 1904.

Vyote viwili alivyovianzisha vilisuasua kwanza. Kriketi ya vyuo hivyo ilichezwa tena 1836, ikawa ya kila mwaka kuanzia 1838. Mashua zilirudi 1836, safari hii London, na zikawa za kila mwaka kuanzia 1856. Wanawake walianza kushindana kwenye njia ileile ya wanaume mwaka 2015. Mwaka 2022 MCC walipotangaza kuiondoa mechi ya vyuo Lord's, wanachama wao walipinga kwa nguvu.

Na lile la tatu, la kuyaunganisha makanisa? Njia ya kuwaacha waliopo na kuwaweka wapya kwa mikono ya maaskofu ndiyo iliyotumika Kanisa la India Kusini lilipozaliwa mwaka 1947. Kwetu, Waanglikana, Walutheri, Wamethodisti, Wamoravian na Wapresbiteri wa Afrika Mashariki walizungumza juu ya muungano katika miaka ya 1960, wakatoa hata liturujia ya pamoja, na muungano haukufika. Scotland yenyewe, Kanisa la Scotland na Kanisa la Kiepiskopali walitia saini azimio la urafiki tarehe 30 Novemba 2021, huko Dunblane, mji uliomo katika jina la dayosisi ya Wordsworth. Azimio linayataka makanisa hayo yatende pamoja kila inapowezekana. Kasisi wa upande mmoja hajaruhusiwa bado kushika nafasi ya mwenzake wa upande wa pili.